Kapteni, Wanawake Wawili na Jiwe la Ruiru

Nyinyi mnaobaki na nyundo pale karakana ya Thika mliniambia niandike kitu kabla sijasahau. Sijasahau. Nilifika darasa la tano tu, kwa hivyo mkiona herufi kubwa mahali haifai, mjue ni mazoea. Kwa jiwe kila herufi ni kubwa.

Mambo ya malipo sitagusa. Mlikuwa mnalipwa na mtu yule yule, mnajua.

Nilianza nikiwa na miaka kumi na sita kwa machimbo ya Ndarugu, kwa Wakaba. Nataja jina kwa sababu yeye hajawahi kutaja langu. Ukuta wa jiwe ukichimbwa chini bila kuachiwa nguzo, unarudi juu yako. Tulimwambia. Msimamizi wake, Muchoki, alikuwa anatujibu, "Jiwe halina haraka, nyinyi ndio mna haraka." Siku ukuta ulipokuja ilikuwa saa nne asubuhi, na chini tulikuwa watatu. Nikatoka mimi. Karanja na Musyoka walitolewa kesho yake. Wakaba alipeleka sukari kwa kila nyumba, na Muchoki akaandika kwa ripoti kwamba tulikuwa tumepumzika mahali hapakuruhusiwa. Karanja sijawahi kumuona akipumzika hata siku moja.

Vumbi la huko ndilo limenistaafisha mwaka huu, nikiwa na miaka hamsini na tatu. Daktari aliangalia picha ya kifua akaniuliza kama navuta sigara. Nikamwambia navuta Ndarugu. Hakucheka. Madaktari wa siku hizi hawacheki.

Baada ya ukuta sikutaka tena kuwa chini ya jiwe. Nilitaka kuwa juu yake. Ndio nikafika kwa Mzee Ramadhani, ambaye nyinyi mlikuta picha yake tu ukutani. Babu yake alikuja na Wazungu kutoka Tanganyika akiwabebea mizigo, nyanya yake alikuwa Mkamba aliyesilimu, na yeye mwenyewe alizaliwa Majengo, Thika, na akazeeka hapo hapo. Alikuwa anachonga makaburi ya Wakristo mwaka mzima na kutushangaa mwaka mzima.

"Sisi mtu akifa," alikuwa anasema, "tunamzika, tunaweka alama, tunarudi nyumbani. Nyinyi mnataka hadithi yote. Mpaka shule ya nasari mnataka niandike."

Siku ya kwanza hakunipa patasi. Alinipa brashi na jiwe lililoharibika, la mama mmoja wa Ngoliba, na akaniambia nisome maandishi kutoka chini kwenda juu, herufi moja moja. Ukisoma kutoka juu, akili inakusomea inachotaka. Ukisoma kutoka chini, jicho linafanya kazi. Nilipata makosa mawili. Yeye alikuwa amepata matatu. Hiyo njia ndiyo mnayotumia mpaka leo, na mnadhani ni yangu.

Sheria yake ya pili ilikuwa hii: orodha ya watoto wa marehemu ichukuliwe kwa watu wawili tofauti, na mmoja awe mwanamke. "Mwanamume atakupa watoto anaotaka," alisema. "Mwanamke atakupa waliozaliwa." Nilishika hiyo sheria miaka yote. Niliivunja mara moja, na ndio hiyo nataka kuwaambia.

Mzee Ramadhani alikuwa na binti, Salma. Yeye ndiye alikuwa anachora herufi kwa penseli kabla hatujachonga, na mkono wake haukuwa unatumia rula. Alikuwa anafunga buibui kiunoni ili isiguse rangi, penseli nyuma ya sikio, na akiangalia jiwe tupu utadhani anasoma kitu ambacho tayari kiko hapo. Mimi nilijifunza nafasi ya herufi kwake. Babake alinifundisha kupiga, yeye akanifundisha kungoja.

Sasa Kapteni. Kapteni Kihara wa jeshi la majini, mzaliwa wa Ruiru. Nyinyi mmemjua kwa barabara ile ya murami inayoitwa Kwa Kapteni. Sisi tulimjua kwa gazeti. Boti yao ya doria ilishika moto baharini, mbali na nchi, na yeye akashuka kwa chumba cha injini mara tatu, kila mara akapanda na mtu mgongoni. Shingo iliungua upande wa kushoto. Watoto wa shule walikuwa wanachora picha yake. Mtu wa Ruiru, mahali hata mto unavukwa kwa mguu, akawa shujaa wa bahari. Watu walijivuna kama vile wao ndio walimfundisha kuogelea.

Alikuja karakana akiwa amevaa nguo za kawaida, kutafuta jiwe la babake, Mzee Njoroge, aliyekuwa amefariki mwaka uliotangulia. Alikuwa na karatasi imekunjwa vizuri, ya kijeshi kabisa.

"Nani ataandika?" akauliza.

"Mimi," Salma akasema.

"Wewe?"

"Wewe ndiye uliingia moto?"

"Mara tatu."

"Basi uliungua na akili. Hapa umemfanya baba yako afe kabla hajazaliwa."

Kapteni aliangalia karatasi. Kweli alikuwa amegeuza tarehe. Mzee Ramadhani alijifanya anatafuta nyundo ambayo ilikuwa mkononi mwake. Kapteni akaanza kucheka, na nilivyoona mimi, hakuwa amecheka siku nyingi, kwa sababu alishika ile shingo kama inauma.

Wiki iliyofuata akarudi kuangalia kama rangi imekauka. Rangi ya jiwe hukauka siku moja. Ya Kapteni ilichukua miezi mitano. Kila likizo alikuwa anapanda kutoka Mombasa, anapitia Thika kabla ya kufika kwao Ruiru, yaani kupita nyumbani halafu kurudi nyuma. Alikuwa anamletea Salma achari kwa chupa.

"Huku Thika kuna maduka, Kapteni," Salma anamwambia.

"Hii ni ya Mombasa."

"Na mimi ni wa Thika. Lakini weka hapo."

Halafu alikuwa analala. Msicheke, ndivyo alivyokuwa anaposa. Karakana ile mlango wake ni mpana, mnajua, lori inaingia kinyumenyume. Kapteni alikuwa anajilaza kwa benchi ya mbao karibu na mlango, Salma anachora, mimi napiga, na yeye analala kama mtoto na kelele zote hizo. Alituambia tangu moto hawezi kulala kwa chumba kimefungwa. Anasikia mtu anaita.

"Nani?" Salma akamuuliza.

Kapteni akageuka, akaangalia mlango.

"Gazeti liliandika umetoa watatu," Salma akasema. "Walikuwa wangapi huko chini?"

"Wanne," akasema.

Nchi nzima ilikuwa imempigia makofi kwa wale watatu. Huyo msichana wa Majengo ndiye peke yake aliyemuuliza wa nne. Mimi naona Kapteni alimpenda hapo. Mengine yalikuwa achari tu.

Salma akapata mimba. Mzee Ramadhani hakupiga kelele. Aliweka patasi chini, akamwambia Kapteni mbele yangu, "Bwana, dini yangu unaijua na nyumba yangu unaijua. Njoo na wazee wako."

"Nitakuja, baba."

"Lini?"

"Wiki ijayo."

Hiyo wiki sijaiona mpaka leo. Na hapa nataja mtu wa tatu: Karuga, kaka mkubwa wa Kapteni, mwenyekiti wa wazee wa kanisa kule Ruiru. Karuga alikuwa ameshapanga mambo yake. Shujaa ataoa Ruth, binti wa mchungaji, msichana mwenye adabu, mwalimu. Kapteni alipomwambia habari ya Thika, Karuga alisema, na nilisikia kwa mdomo wa Kapteni mwenyewe: "Mtu aliyepewa medali hawezi kuoa kwa wachonga makaburi."

Lakini mama yao alikuja. Peke yake. Cucu Wangari, cucu ni nyanya kwa Kikuyu, wakati huo bado ana nguvu za kubeba kuni. Mtoto alikuwa na wiki tatu. Tulisikia mbuzi akilia nje, tukatoka, tukamkuta mama na kitambaa kichwani, kamba ya mbuzi mkono mmoja, shuka mpya mkono mwingine.

"Nani ni mwenye nyumba?" akauliza.

"Ni mimi, mama," Mzee Ramadhani akasema. "Karibu."

"Wanaume wangu wamekataa kuja. Mimi nimekuja. Sijui sheria yenu na nyinyi hamjui yangu, lakini nadhani huyu mbuzi analiwa kote kote."

Mzee Ramadhani akacheka mpaka akashika mlango. Akamchinja mwenyewe, tukala. Cucu akachukua mtoto, akamtemea mate kidogo kifuani ya baraka, kama wazee wa kwetu wanavyofanya, akauliza anaitwa nani. Salma akasema Zuhura.

"Zuhura ni yenu," Cucu akasema. "Na mimi?"

Nyinyi wa makabila mengine niwaeleze. Kwetu msichana wa kwanza huchukua jina la mama ya baba yake. Hiyo si heshima tu. Tunasema huyo mzee amezaliwa tena, ni yeye huyo. Na jina hilo halipewi mtoto wa mtu aliyepita njia. Ukipewa, umehesabiwa. Salma alijua, amechora majina ya Wakikuyu tangu utotoni. Akamwambia, "Zuhura Wangari."

Cucu akamwinua mtoto juu akaniambia mimi, Mkikuyu pekee aliyekuwa pale, "Niangalie. Nimerudi na nywele nzuri."

Mwaka huo huo Kapteni akaoa Ruth kanisani. Wenzake wa majini walisimama mistari miwili, mapanga yameinuliwa, maharusi wakapita chini. Gazeti lilitoa picha ukurasa mzima. Mzee Ramadhani alilifungia misumari.

Siku Kapteni alipokuja tena Thika alisimama mlangoni, hakuingia. Salma alikuwa ameinama kwa jiwe. Hakuinua penseli.

"Rangi imekauka, Kapteni," akamwambia.

Basi. Sikuwahi kusikia neno lingine la lawama. Baadaye alihamia Githurai 45, akafungua kibanda cha kuandika mabango ya duka, na mkono wake uko kwa kinyozi nusu ya pale. Hakuolewa. Walitokea wa kumtaka, mmoja na lori yake.

Watu wa Ruiru walikuwa wanasema Kapteni ana mwanamke kila bandari. Uongo. Alikuwa nao wawili, wote wa barabara moja ya Thika, na aliwaogopa wote wawili. Hilo jambo limenishangaza maisha yangu yote. Mtu anashuka kwa moto mara tatu, lakini hawezi kukaa mezani na mke wake akasema sentensi moja. Alikuwa anamletea Zuhura viatu, na kila mara vilikuwa vidogo, kwa sababu alikumbuka mguu wa mara ya mwisho. Salma alivigawa kwa watoto wa majirani. Mtaa mzima pale Githurai ulivaa viatu vya jeshi la majini.

Ruth alizaa wavulana watatu: Njoroge, Kamau na Mwangi. Msichana hakupata. Mkumbuke hilo. Cucu Wangari, katika watoto wa mwanawe huyo, alikuwa amezaliwa mara moja tu.

Kapteni alikufa ghafla nyumbani Ruiru, kiti kikiwa nje barazani, maana ndani hakulala mpaka mwisho. Askari walipiga risasi hewani. Salma na Zuhura, ambaye sasa ni mwanamke mzima, walisimama nje ya ua pamoja na watu wa bodaboda. Karuga akasoma maisha ya marehemu kwa spika. Ameacha mjane mmoja na watoto watatu. Akataja majina.

Cucu alikuwa mstari wa mbele, amefunikwa blanketi, macho yamefunga ukungu. Akasema kwa sauti, "Na Wangari?"

Karuga akaendelea kusoma.

"Karuga! Na Wangari?"

Watu wakaanza kugeuka. Karuga akainama kwa mama yake, lakini alisahau kuzima kipaza sauti. Tulisikia sote. "Maitu, tulia. Litaandikwa kwa jiwe. Karatasi ni ya leo, jiwe ni la milele."

Watu wakapiga makofi, wakadhani ni mahubiri.

Ulipokaribia mwaka tangu mazishi, Karuga alikuja karakana. Mzee Ramadhani alikuwa ameshazikwa, na kazi za majina nilikuwa nafanya mimi. Alitaka graniti nyeusi, herufi za dhahabu, nanga chini, maua pembeni. Chini ya jina: MUME WA MKE MMOJA. Halafu watoto watatu.

"Na wa nne?" nikamuuliza.

"Wa nne gani?"

"Mzee, mimi nilikula huyo mbuzi."

"Fundi, wewe ni wa kuchonga, si wa kuzaa. Andika yaliyo kwa karatasi."

"Kazi yetu tunachukua orodha kwa watu wawili. Nipatie namba ya mjane, Mama Njoroge, nimuulize."

"Mjane amechoka. Mimi ndiye mtu wa kwanza na mimi ndiye wa pili. Ama nipeleke kazi Nairobi?"

Nilichukua karatasi. Nimetaja Wakaba, nimetaja Muchoki, nimetaja Karuga, basi nijitaje na mimi. Mimi Macharia nilichukua ile karatasi. Kanisa la Karuga lilikuwa linatuletea makaburi mengi, na kifua changu kilikuwa kimeanza, na nilikuwa naogopa kukaa bila kazi. Hiyo ndiyo sababu, sina nyingine nzuri zaidi.

Siku tatu baadaye akaja Zuhura. Anafanana na Cucu mpaka vile anavyosimama, mkono kiunoni.

"Mjomba Macharia, nasikia jiwe ni wewe unafanya."

"Ni mimi."

"Sitaki shamba. Sitaki nyumba, sitaki kitu kwao, wanaweza kula vyote. Nataka jina langu tu. Nikipita na watoto wangu siku moja niwaonyeshe huyu ni babu yenu, na mimi huyu hapa."

"Umeenda kwa baba yako mkubwa?"

"Nilienda. Alinipa soda."

"Nitaona," nikamwambia.

Hilo neno msiwahi kumwambia mtu. Nilikuwa nimeshaona tayari. Nilichonga majina matatu, nikayapanga katikati, na sikuacha nafasi ya mtu. Msije mkasema Macharia alikuwa mjanja aliacha nafasi. Kati ya Mwangi na ile nanga palibaki mahali laini kwa sababu mchoro ulitaka hivyo.

Kufunua jiwe kulikuwa Jumamosi mchana, pale nyumbani Ruiru. Mahema, viti vya plastiki, kwaya, spika mbili kubwa. Kwa hizo sherehe fundi huwa anakuja na sanduku lake, maana jiwe husafiri na ukingo unaweza kupigwa, na kasoro ni yako mbele ya watu. Nilikuwa nimesimama nyuma ya kwaya nikingoja chai.

Kitambaa kikavutwa. Watu wakasema "aah." Karuga akashika kipaza sauti kuomba. Kabla hajafumba macho, Cucu akapiga mkongojo chini.

"Fundi yuko wapi?"

Nikasukumwa mbele. Nikapiga magoti karibu na kiti chake. Alinishika uso na mikono miwili.

"Wewe ni yule wa mbuzi."

"Ni mimi, cucu."

"Mimi sikusoma, na sasa hata macho yamekwenda. Nipeleke kwa jiwe, uchukue kidole changu uweke mahali Wangari ameandikwa. Nataka kujishika."

Tulimwinua na yule mjukuu wake Njoroge, tukamweka kwenye ukingo wa kaburi. Karuga akaja akainama kando yangu kama anayesaidia. Akaninong'oneza, pole pole, bila hasira hata kidogo, "Mwekee kidole popote. Hawezi kujua."

Na ilikuwa kweli. Hawezi kujua. Herufi za KAMAU au za MWANGI, kwa kidole cha mtu asiyesoma, ni mashimo tu. Angegusa, angefurahi, tungeomba, tungekula. Nilikuwa nimeshika kidole chake, kimekauka kama kijiti cha chai, na Karuga ananipumulia kwa sikio, na kanisa lake lote limekaa kwa viti.

Nikashusha kidole chini ya Mwangi, pale laini. Nikakipitisha hapo mara mbili.

"Hapa, cucu."

Akapapasa. Akapapasa tena. "Hapa hakuna kitu."

"Ndiyo. Hakuna kitu. Sikuandika."

"Nani alikwambia usiandike?"

"Karuga. Na mimi nikakubali."

Hakulia. Aligeuza mgongo, akajiweka sawasawa juu ya graniti, akaweka mkongojo kwa magoti. "Basi mimi niko hapa," akasema. "Ombeni nikiwa hapa. Kuleni nikiwa hapa. Kukinyesha mnifunike."

"Maitu," Karuga akaanza, "kuna wageni, kuna wachungaji..."

"Waambie mimi ndiye mgeni. Sijaandikwa."

Ndipo Ruth akasimama. Mama Njoroge ni mwanamke wa sauti ndogo, amefundisha darasa la pili miaka mingi. Nilidhani atanifukuza. Alikuja mpaka kaburini, akasimama akiangalia lile jiwe.

"Shemeji," akamwambia Karuga, "huyu mama anaishi na mimi. Wewe uko na nyumba yako. Kila Jumapili nikimvalisha ananiuliza Wangari atakuja lini. Mwaka mzima. Nimechoka kujibu." Akanigeukia. "Una vyombo vyako?"

"Ninavyo, mama."

"Andika."

"Mama, hapa juu pameandikwa mume wa mke mmoja. Unataka niguse?"

Aliwaza. "Hiyo iache," akasema. "Hiyo ni yangu."

Nilihitaji stima ya kukata kwa grenda, na pale kaburini palikuwa na waya mmoja tu, wa spika. Karuga alikuwa ameinua kipaza sauti kuelezea umati jambo fulani kuhusu amani katika familia. Njoroge akachomoa plagi. Karuga akaendelea kusema kitambo kidogo kabla hajagundua kwamba anasikika na mstari wa mbele peke yake. Kuna mama kwa kwaya alisema, "Haiya, Mungu amejibu," na kicheko kikapita kwa mahema yote, mpaka wachungaji.

Nilichora kwa penseli kwanza, kama Salma alivyonifundisha, bila rula. Nilikata mistari kwa grenda, kisha nikamalizia kwa patasi. Herufi kumi na tatu. Nafasi haikutosha, ikabidi nikate maua mawili ya pembeni, na sikusikitika, hayo maua yalikuwa wazo la Karuga. Nilipofika kwa R ya kwanza pumzi ikaisha. Nikakaa chini. Njoroge akashika kopo la maji, awe ananimwagia kwa jiwe vumbi lisiruke, na mdogo wake Kamau akanishikia taa ya simu kwa pembe, maana kivuli cha hema kilifunika mistari. Kwaya iliimba nyimbo zote walizojua, halafu wakarudia. Chakula kilipoa. Hakuna aliyeondoka, ila Karuga, ambaye alikumbuka ana mkutano.

Nilipomaliza nilimchukua Cucu kidole. Alizipitia zote kumi na tatu, moja moja, akipuliza vumbi kutoka kwa kila moja. Alipofika mwisho akarudia WANGARI peke yake.

"Niko," akasema. "Leteni chakula."

Hilo ndilo jiwe langu la mwisho. Kanisa la Karuga halijatuletea kazi tena, na nyinyi mnanilaumu, mko na haki. Lakini orodha chukueni kwa watu wawili.

Jioni hiyo hiyo, kabla jua halijaingia, nilikaa juu ya sanduku la vyombo kando ya barabara nikampigia Zuhura. Nilimwambia limeandikwa, na kwamba Cucu humuulizia kila Jumapili akivalishwa. Nilingoja alie au anishukuru. Hakufanya lolote. Huyo ni mtoto wa Salma.

"Herufi zangu ni kubwa kama za wale wengine?" akaniuliza.

"Sawasawa. Nimepima mara mbili."

"Na ziko wapi?"

"Chini yao. Nafasi ilikuwa chini."

"Mimi ndiye mkubwa wao, Mjomba."

"Najua."

Nilimsikia mtu akipita kwake akiuza viazi. Halafu akasema, "Sawa. Mwambie Cucu kesho asivalishwe na mtu. Nitakuja asubuhi nimvalishe mimi. Na nitapita kwa geti kubwa."